Alama Tulizowanyima

Kabla sijamfikia yule msichana wa Kianjai, niseme kidogo juu ya kalamu yangu nyekundu. Nilifundisha kemia katika shule moja ya bweni ya wasichana mjini Meru, mwendo mfupi kutoka Kinoru, na katika idara yetu hakuna aliyesahihisha kwa ukali kunizidi. Nilijivunia jambo hilo. Wasichana walinibandika jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Nililijua, na lilinifurahisha kuliko walivyodhani.

Ukali wetu ulikuwa na msimu wake. Muhula wa pili kidato cha nne walifanya mtihani wa mwigo, ule ambao kila mtu aliuita mock, na sisi walimu tulikuwa tumekubaliana, bila kuandika popote, kwamba alama za mock si za kumpa mtu haki yake. Ni za kumwamsha. Katika mtihani wa taifa, mwanafunzi aliyeandika mlinganyo wa kemikali akasahau kuonyesha kwamba kitu fulani ni gesi au ni kimiminika, alikatwa nusu alama. Sisi tulikata nzima. Aliyechora chombo kikavuja kidogo kwenye kizibo alipoteza mchoro wote. Aliyepata jibu sahihi bila kuonyesha hatua zake alipewa sufuri, hata kama hatua zenyewe zilikuwa wazi kama mchana. Mwalimu mgeni akiingiwa na huruma, tulimrudishia karatasi azisahihishe upya.

"Ukiwalisha asali sasa," mkuu wa idara alikuwa akisema, "Novemba watakula nini?"

Na ilifanya kazi, lazima nikiri. Matokeo ya mock yakibandikwa ukutani, bweni zima lililia siku mbili. Siku ya tatu wote walianza kusoma kama watu waliofukuzwa na nyuki. Kila mwaka matokeo ya taifa yalikuja bora kuliko yale ya mock, wazazi wakatushukuru, na sisi tukazipokea shukrani kana kwamba tumepandisha mlima kwa mabega yetu. Kumbe sehemu ya mlima huo ilikuwa shimo tulilolichimba wenyewe kwanza.

Hila hii ilikuwa na sharti moja tu: wasijue. Msichana akijua kwamba C yake kwa kweli ni B, atavuta blanketi alale.

Mkuu wa shule, mama mmoja makini sana, hakutaka kudanganywa yeye. Kwa hiyo kila mwalimu alimpelekea orodha mbili. Ya kwanza ndiyo iliyobandikwa ukutani. Ya pili ilikuwa karatasi iliyokunjwa, yenye alama tulizotarajia hasa mtihani wa taifa ukija, na mara nyingi tulikuwa sawa. Nakala yangu ya orodha hii ya pili ilikaa kwenye droo ya meza yangu, chini ya chaki.

Mbali na kemia, nilikuwa mwalimu wa kuwashauri wasichana kuhusu vyuo vikuu. Kazi hiyo niliipata kwa sababu aliyekuwa nayo alihamishwa, na mimi nilichelewa kufika kwenye kikao kilichotafuta wa kumrithi. Miaka ile fomu za kuchagua vyuo na kozi zilijazwa kabla ya mtihani wa taifa, wiki chache tu baada ya mock. Vyuo vikuu vya serikali vilikuwa vichache, na nafasi za udaktari, ufamasia, sheria na uhandisi zilikuwa haba kuliko wasichana walioziota. Walizipata wenye alama za juu miongoni mwa walioziomba. Usipoomba, hata ukipata alama za kushangaza ulimwengu, hakuna ambaye angekubishia hodi akuulize kama ungependa kuwa daktari.

Baada ya matokeo palikuwa na siku chache za kubadilisha ulichoandika. Siku hizo chache ndizo nilizokuwa nikizitegemea kuitulizia dhamiri yangu.

Msichana ninayemsema alitoka Kianjai, upande wa Tigania, na tangu kidato cha kwanza alisema atakuwa daktari. Kidato cha kwanza wote husema hivyo. Kufikia cha tatu wamebaki wachache. Huyu alibaki. Tena alikuja kwangu akiuliza maswali ya mtu anayetaka kununua shamba: masomo gani yanatakiwa, alama za chini ni zipi, na je, fizikia ni lazima? Nikamwambia itamsaidia. Akaichukua fizikia, ambayo wasichana wengi waliikimbia, akaacha kilimo, somo ambalo angelipita akiwa amelala. Kwa miaka miwili alipambana na fizikia mpaka ikakubali.

Katika mock yangu alipata C na alama ya kujumlisha. Nakumbuka karatasi yake. Kulikuwa na swali refu la hesabu ambalo alilimaliza kwa mistari miwili, jibu likiwa sahihi mpaka nukta ya mwisho, kwa sababu hatua nyingine alizifanya kichwani. Nilijua alizifanya kichwani. Nilimwona akifanya hivyo darasani kila siku. Nikampa sufuri, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Umetoa wapi?" Katika orodha yangu ya pili, mbele ya jina lake, niliandika A.

Zamu yake ya ushauri ilipofika, aliingia ofisini na fomu yake. Utaratibu wetu ulikuwa kujaza kwanza kwa penseli, tuzungumze, kisha kuandika kwa wino. Chaguo la kwanza alikuwa ameandika udaktari. La pili, udaktari katika chuo kingine. Niliangalia fomu, nikaangalia matokeo yake ya mock yaliyokuwa mezani baina yetu, na nikamuuliza swali nililowauliza wote.

"Una uhakika?"

"Niko sure, Madam." Kisha akaangalia ile C. "I mean, nilikuwa sure."

"Udaktari una ushindani mkubwa sana," nikasema. "Ukikosa la kwanza na la pili, unaweza kujikuta umepewa kitu ambacho hukukitaka kabisa. Fikiria vizuri."

Sikumwambia afute. Mpaka leo najikinga kwa sentensi hiyo, ingawa hainikingi na lolote. Aliuma ncha ya penseli. Halafu akaniomba kifutio, nami nikampa. Akafuta polepole, akapuliza vumbi la karatasi, akaandika shahada ya ualimu, masomo ya sayansi.

"Hii nitapata?" akauliza.

"Hiyo utapata."

Droo ilikuwa kwenye goti langu. Ningeivuta kwa kidole. Lakini ningemwambia yeye, bweni zima lingejua kabla ya kengele ya chakula, na mtihani wa taifa ulikuwa bado. Niliwaza kwamba hofu itamsukuma asome zaidi, na matokeo yakija atakuja kubadilisha. Alipotoka nilimwita anayefuata. Siku hiyo niliwashauri wasichana kumi na wawili, na ninakumbuka nilifurahi kwamba nilimaliza mapema.

Ajabu ni kwamba nilipaswa kujua. Mimi ni mtoto wa Kanja, kule Embu, na nilipokuwa shule nilitaka kusomea ufamasia. Mwalimu wangu alizitazama alama zangu za majaribio, akanitazama mimi, akasema ualimu utanifaa. Nilimchukia kwa miaka miwili. Kisha nikazoea, kisha nikaipenda kazi, kisha nikaanza kuwafanyia watoto wa wenzangu vilevile alivyonifanyia yeye.

Matokeo yalipotangazwa, msichana wa Kianjai alikuwa wa kwanza shuleni. A. Katika kemia A, katika fizikia A, na mkuu wa shule alipiga meza kwa furaha. Siku za kubadilisha machaguo zilianza. Wasichana wachache walikuja shuleni, wakajaza fomu mpya, wakaenda. Yeye hakuja. Nilidhani habari hazijamfikia, nikatuma ujumbe kupitia mwalimu mmoja aliyeishi upande wao. Jibu likarudi kwamba ujumbe ameupata, anashukuru, na hatakuja.

Zilipobaki siku mbili, mkuu wa shule aliniita. Shule yetu haikuwa imepeleka msichana kwenye udaktari kwa miaka kadhaa, na hakutaka mwaka huo upite hivyohivyo. "Mfuate," akasema. "Nenda na fomu." Asubuhi nikaenda Kianjai, nikauliza njia sokoni, nikaelekezwa.

Nilimkuta mama yake uani akipura maharagwe kwa fimbo, yametandazwa juu ya turubai kuukuu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa. Alinisalimia kwa Kimeru, nikamjibu, naye akacheka kabla sijamaliza.

"Huyu ni wa Embu!" akasema, kisha akahamia Kiswahili ili asinitese. "Mwalimu, karibu. Wewe ongea na yeye. Mimi nimechoka. Jina yake imesomwa kanisa, watu wamepiga makofi, pasta ameombea yeye, na yeye anasema hiyo A ni bahati tu."

Msichana alikuwa akifundisha watoto wa nasari katika kanisa lililokuwa karibu, bila mshahara, akingoja kuitwa chuo. Mama alimpigia kelele juu ya ua, naye akaja, mikono imejaa chaki. Alinisalimia kwa heshima, akaniletea kiti, yeye akakaa kwenye ukingo wa turubai akaanza kuokota maharagwe yaliyoruka.

"Kesho saa kumi fomu zinaondoka," nikamwambia. "Nimekuja nayo."

"Asante, Madam. Lakini sibadilishi."

"Una A."

"Ya exam moja." Hakuinua macho. "Labda maswali yaliangukia pale nilisoma. Labda aliyemark alikuwa amechoka. Hao hawanijui, Madam. Wewe ndio umenifundisha four years. Wewe ulinipa C plus."

Nikamwambia mtihani wa taifa ndio mtihani. Nikamwambia kwamba bahati haifanyi hesabu. Nikamwambia kuhusu wasichana waliotoka na alama chini ya zake, na sasa ni madaktari. Kila hoja aliisikiliza mpaka mwisho, na kila hoja ilimwangukia bila kuacha alama.

"Nikienda medicine na hiyo A ya bahati," akasema, "nifike huko nishindwe, nirudishwe hapa, mama ataficha uso wapi? Education nitaweza. Wewe mwenyewe ulisema nitapata." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Kwani ualimu ni mbaya, Madam?"

Nilikuwa nimekuja na hoja zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo pekee iliyohitajika. Niliona aibu ikinipanda shingoni, mimi mtu mzima, mwalimu wa miaka mingi, nimeketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote katika boma lile. Nikapiga moyo konde.

"Ile C plus haikuwa yako," nikasema.

"Ilikuwa ya nani?"

"Nilikupunguzia. Tuliwapunguzia wote. Mock tunaisahihisha kwa kuwakandamiza, ili muogope msome. Kuna orodha nyingine, ya kweli, tunayompa mkuu wa shule. Humo niliandika una A. Niliiandika wiki ileile."

Fimbo ya mama ilikuwa imenyamaza. Akamuuliza binti yake, kwa Kimeru, nimesema nini. Msichana alimtafsiria kwa maneno machache kuliko yangu, nami niliyaelewa yote, maana Kiembu na Kimeru ni majirani: mwalimu alijua, akanyamaza.

"Kwa nini hukusema?" mama akaniuliza.

"Tulitaka wasome, mama."

"Kwani yeye alikuwa hasomi?"

Nilitazama maharagwe. Msichana naye alikuwa ameacha kuyaokota.

"Ile siku ya form," akasema taratibu, "hiyo list ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Nikiomba rubber?"

"Ilikuwa hapo."

Nilitarajia alie au anitukane, na lolote kati ya hayo lingenipunguzia mzigo. Hakufanya hata moja. "Uliandika 'Umetoa wapi,'" akasema. "Nilifikiri unaona nimeiba. Nilikaa na hiyo kitu mpaka exam. Kila hesabu niliandika steps zote, hata one plus one, ndio mtu asiseme nimeiba."

"Nilijua umefanya kichwani," nikasema. "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliinuka, akanawa mikono kwenye karai, akaikausha kwa leso ya mama yake, akanyoosha mkono nimpe fomu. Aliiweka juu ya kitabu cha nyimbo cha kanisani na kuijaza kwa wino moja kwa moja. Udaktari, chaguo la kwanza. Udaktari, chaguo la pili. Mama alisimama nyuma yake akiangalia herufi ambazo nadhani hakuweza kuzisoma, kisha akaingia jikoni akaniletea kikombe cha uji wa wimbi. Nilitamani asingeniletea. Niliunywa wote.

Nilikuwa nimeshaitia fomu kwenye mkoba, nimeshaanza kuaga, nikijisikia nafuu ya mtu aliyetoa mwiba. Msichana alinisindikiza hadi kwenye njia. Hapo akasimama.

"Madam, umeanza na mimi?"

"Nimeanza na wewe."

"Wa pili ni nani?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Katika mkoba wangu kulikuwa na fomu moja tu. Nilikuwa nimekuja kwake kwa sababu alikuwa wa kwanza shuleni, kwa sababu mkuu wa shule alitaka daktari, na wasichana wengine hawakuwa wamenipita akilini hata kidogo.

Hakuningoja. Alianza kuwataja kwa vidole, kwa utulivu, kama anavyowaita watoto wake wa nasari. Wa Kinoru, aliyetaka ufamasia, ameandika diploma ya maabara. Wa Maua, binti wa yule mfanyabiashara wa malori, aliyetaka sheria, ameandika ualimu. Wa kule karibu na kwetu Embu, uhandisi, ameandika ualimu. Aliwataja wasichana tisa. Bwenini walikuwa wameambiana wote, nani alitaka nini na nani ametoka ofisini kwangu ameandika nini, na yeye alikuwa amekumbuka kila mmoja. Wawili kati yao nilikuwa siwakumbuki hata sura.

"Wako na marks," akasema. "Hawawezi kuja, kwa sababu wanaamini zile za mock."

Ilikuwa imepita adhuhuri, na fomu zilikuwa zinaondoka kesho yake saa kumi. Nilirudi mjini, nikachukua fomu shuleni, nikampata wa Kinoru kwa sababu nyumba yao ilikuwa njiani. Alibadilisha. Asubuhi iliyofuata nilifika Maua, nikaambiwa msichana amekwenda kwa shangazi yake Isiolo. Nilirudi shuleni saa tisa na nusu na fomu mbili.

Miezi kadhaa baadaye barua zilikuja. Yule wa Kianjai aliitwa kusomea udaktari, na siku mkuu wa shule alipotangaza gwarideni, shule nzima ilipiga makofi na walimu wenzangu wakanigeukia kunipongeza, kwamba bila mimi asingefika. Wa Kinoru alipata ufamasia. Wale wengine wanane walikwenda kule walikokuwa wameandika.